Mkono Ukiuma Baada ya Chanjo, Usiache Kliniki Inayofuata

*Maelezo ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walezi katika baraza la wananchi*



Wenzangu wa idara ya afya wameniomba nizungumzie swali ambalo wauguzi huulizwa mara nyingi. Mtoto alipelekwa kliniki akiwa mzima, usiku mwili ukapata joto na paja likavimba. Mzazi anauliza: kwa nini nimrudishe? Ni swali la haki, na linastahili jibu.

Chanjo huufundisha mwili kuutambua ugonjwa kabla haujaingia. Mwili unapojifunza, damu na chembe za kinga hukusanyika pale sindano ilipoingia. Ndiyo maana pahali hapo huuma, huwa pekundu na huvimba kidogo, na joto linaweza kupanda. Kwa kawaida hali hiyo huisha baada ya siku moja hadi tatu.

Chanjo inayosumbua watoto wengi ni ile ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sindano ya kwanza peke yake haitoshi. Mtoto asiporudi wiki ya 10 kwa sababu alilia usiku mmoja, amevumilia maumivu bila kupata kinga kamili.

Basi ufanye nini nyumbani? Mnyonyeshe mara kwa mara. Mvue nguo nzito, usimfunike mablanketi. Weka kitambaa safi chenye maji baridi palipovimba. Joto likimsumbua, mpe parasetamoli kwa kipimo ulichoelekezwa na muuguzi kulingana na uzito wa mtoto, ukitumia kipimio kilichokuja na dawa, si kijiko cha chai. Usimpe kabla ya chanjo, na usimpe mtoto aspirini.

Nyanya zetu hutusaidia sana kulea, lakini kwa hili naomba tusikilizane: tusikande kwa maji moto, tusisugue, tusipake dawa za kienyeji, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Chanjo mbili zina tabia yake. Ile ya kifua kikuu, inayotolewa mtoto anapozaliwa, hutoa kijipele kwenye mkono wa kushoto baada ya wiki chache. Kinaweza kutoa usaha, kisha hukauka na kuacha kovu. Kiache wazi, usikikamue. Ile ya surua na rubela, ya miezi 9 na 18, inaweza kuleta joto na vipele vidogo baada ya wiki moja hivi, wakati mzazi ameshasahau sindano.

Wasichana wanaopata chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na wajawazito wanaochanjwa pepopunda, huumwa mkono. Utumieni mkono kama kawaida, usikae bila kusogezwa. Wasichana wakae chini dakika 15 baada ya sindano, kwani wengine huhisi kizunguzungu au kuzirai.

Zipo dalili zisizofaa kusubiriwa. Kimbilia kituo cha afya mtoto akipumua kwa shida, akivimba uso au midomo, akipata degedege, akilegea, akikataa kunyonya, au akilia mfululizo kwa saa tatu. Rudi pia joto likizidi siku mbili au uvimbe ukiendelea kukua. Matatizo makubwa ni nadra sana, na mengi ya mzio hutokea muda mfupi baada ya sindano, kwa hiyo usiharakishe kuondoka kliniki. Muuguzi akipata taarifa yako hujaza fomu inayopelekwa Bodi ya Dawa na Sumu. Kusema si kulalamika.

Kina baba, mama akikesha na mtoto, usimwambie asirudi tena. Shika kijitabu cha mama na mtoto, tazama tarehe inayofuata, na ukiweza mpeleke wewe. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali hazilipiwi. Kama tarehe imepita, nendeni hata hivyo: muuguzi ataendelea alipoachia, hataanza upya.

Sasa tuchukue maswali.