Mama Akisahau

Neno letu la leo limo katika Isaya 49:15.

Katika nyika yetu ya Kaskazini Mashariki huota miti ya ubani na manemane. Wageni huiona nchi hii kuwa kavu tu, kumbe Mungu ametia ndani yake vitu vile vile ambavyo mamajusi walimletea mtoto Yesu. Siku hizi wataalamu huchunguza utomvu wa miti kama hiyo, wakitafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau, ule ambao daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliueleza mwaka 1906.

Hawatafuti bure. Katika miaka ya 1950, wataalamu wa Urusi na Bulgaria walipata dawa iitwayo galantamini kutoka katika jamii ya maua madogo meupe. Ndani ya ubongo kuna kemikali ipelekayo habari. Dawa hii huizuia isivunjwe upesi. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa ugonjwa huu mwaka 2001. Lakini hupunguza dalili kwa muda tu, haiponyi. Ubani na manemane bado havijathibitishwa, basi tusiwanyweshe wazee wetu kwa kubahatisha.

Ndugu zangu, mzee akipotea njia ya kisima alichokijua tangu utoto, msiseme amerogwa, wala msimfungie ndani kwa aibu. Mpelekeni hospitali, kwa maana kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini au ugonjwa wa tezi, na hutibika.

Isaya anauliza kama mama aweza kumsahau mtoto aliyemnyonyesha. Katika nyumba nyingine jibu ni ndiyo: mama humtazama mwanawe na kumwuliza, “Wewe ni nani?” Neno hilo huuma. Lakini mwana asidhani kwamba upendo umekwisha, ni ugonjwa. Mungu asema kwamba hata mama akisahau, Yeye hatatusahau. Basi nasi tuliokumbukwa hivyo, tumkumbukie mama yetu: tumwite kwa jina lake, tumlishe, tumjibu mara ya kumi kwa upole ule ule wa mara ya kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba miti ya nyika, wabariki watafutao dawa. Utupe saburi, na uwashike wazee wetu wasiojua tena kukuita. Amina.