Garimoshi la Wanyaturu Liko Nairobi



Juma lililopita nilipita Buigiri, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Wengi wetu tunaijua Buigiri kwa shule yake ya wasioona. Mimi nilikwenda kumwamkia mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mchochea moto wa garimoshi katika Reli ya Kati.

Nilipomsalimu, "Mbukwenyi," aliitika, kisha akaniashiria ninyamaze. Lori lilikuwa linakuja. "Scania hiyo," akasema, "tena imebeba sana. Dereva amechelewa kubadili gia." Macho ya mzee siku hizi hayaoni mbali, lakini lori lilipopita, kweli ilikuwa Scania, na turubai limetuna.

Wapo watu Ugogo wanaomtambua kila ng'ombe wao kwa mlio. Mzee huyu anazitambua injini. Malori anayapenda, magari madogo anayapenda, lakini akitaja garimoshi hubadilika hata sauti. "Lile, mwanangu, ukikaa nalo unajua limeshiba au lina njaa."

Akanieleza kazi yake. Moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inasukuma vyuma vinavyozungusha magurudumu. Dereva anatazama njia. Mchochea moto anatazama moto na kipimo cha maji. Maji yakipungua mno ndani ya boila, mnaweza kulipuka wote. Na katika nchi kavu kama hii, maji yenyewe ni ya kutafuta.

Reli hiyo ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Kwa miaka mingi iliendeshwa kwa mvuke. Miaka ya 1950 Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza magarimoshi mapya kutoka Uingereza, yakapewa majina ya makabila yetu na milima yetu. Moja, lililotengenezwa Glasgow, liliitwa Nyaturu, kwa jina la jirani zetu wa Singida. Makubwa kupita yote yalitoka Manchester, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Hayo yalifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi.

Leo Nyaturu liko wapi? Liko Nairobi, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Yapo pia mawili kati ya yale makubwa, Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai ni mlima wa Arusha. Shengena ni mlima wa Upare.

Siwalaumu Wakenya, la hasha. Nawashukuru. Reli ilikuwa yetu sote hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na wao wametunza vitu ambavyo vingeweza kukatwakatwa na kuyeyushwa. Swali ni letu: sisi tumetunza nini?

Nilimwomba mzee anionyeshe taa yake ya kazi, aliyokuwa akinisimulia zamani. Akacheka kidogo. Mjukuu wake aliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ilipimwa kwenye mizani pamoja na sufuria lililotoboka. Mtoto hakuiba, aliona chuma kuukuu tu, maana hakuna aliyemwambia ni kitu gani.

Ndugu wasikilizaji, tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Mzee ameipanda na ameisifu. Hatumwombi mtu arudishe moshi. Wala sisemi fedha za dawa zinunue makumbusho. Lakini maarifa ya watu hawa hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, au simu hiyo uliyonayo mfukoni, na jioni moja ya kukaa kimya.

Kama unaye babu Dodoma, Morogoro au Tabora aliyefanya kazi reli, mwendee. Muulize aliweza vipi kulijua garimoshi kwa masikio. Taa imekwenda na haitarudi. Mwenye taa bado yupo, anakaa barazani Buigiri, anasikiliza malori.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.