Mwindaji Anahitaji Bunduki Ngapi?

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi kwa wananchi wa pande zote mbili za mpaka wa Mutukula



Nimeombwa nizungumze juu ya umiliki wa silaha miongoni mwa raia. Ningeweza kuanza na majambazi, lakini jambazi hahudhurii mikutano ya ujirani mwema. Kwa hiyo nitazungumza na mtu ambaye huenda yupo hapa mbele yangu: raia mwema, mwenye cheti halali, mpenzi wa uwindaji, ambaye tayari ana bunduki moja ya marisau, yaani shotigani, na sasa anataka ya pili, au ya tatu. Mtu huyo hutuuliza: "Afande, nina fedha zangu na sina kosa lolote. Kuna ubaya gani nikiongeza nyingine?"

Hili ni swali la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa ukali.

Kwanza, tumsikilize mwindaji mwenyewe. Yeye husema kwamba kila windo lina bunduki yake. Kwale na kanga wanataka marisau madogo. Bata mwitu huruka juu na mbali. Nguruwe mwitu ana ngozi nene. Je, bunduki moja itatosheleza yote hayo?

Jibu limo katika umbile la shotigani yenyewe. Bunduki hii haitoi risasi moja, bali hutupa marisau mengi kwa pamoja. Kinachobadilika kwa kila windo ni fataki unayoitia zaidi ya bunduki unayoishika. Fataki zenye namba kubwa zina marisau madogo, nazo ni za ndege. Zenye namba ndogo zina marisau makubwa zaidi. Aidha, shotigani nyingi za siku hizi zina vipande vya kubadilisha mdomoni mwa mtutu. Kipande chembamba huyabana marisau yasitawanyike mapema, na kipande kipana huyaachia yasambae. Hata hivyo, marisau ya ndege hupoteza nguvu na shabaha yakipita mita 40 hivi, na bunduki ya tatu haitaiongeza mita hata moja. Mwindaji anayekosa ndege kila siku anahitaji mazoezi, au ajifunze kusogea karibu zaidi.

Pili, kuna hatari ambayo wengi hawaifahamu, nayo huzaliwa pale nyumba inapokuwa na shotigani za kaliba tofauti. Kipimo hiki cha kaliba ni cha zamani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, kama gramu 454, uigawe katika gololi 12 zilizo sawa: upana wa gololi moja ndio upana wa tundu la mtutu wa kaliba 12. Ukiigawa katika gololi 20, utapata kaliba 20. Kwa hiyo kaliba 20 ni nyembamba kuliko kaliba 12, ingawa namba yake ni kubwa.

Sasa fikirini mtu mwenye bunduki hizo mbili na mfuko mmoja wa fataki. Alfajiri, gizani, anatia fataki ya kaliba 20 katika bunduki ya kaliba 12. Fataki hiyo huteleza ndani na kukwama mbele, mtutuni. Akitazama anaona chemba tupu, basi anatia fataki ya kaliba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Ajali ya namna hii inajulikana duniani kiasi kwamba watengenezaji wengi huzipa fataki za kaliba 20 ganda la njano ili zitambulike. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa kinachoweza kuponyoka ni vidole.

Tatu, tutazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na ghala lake la silaha likavunjwa. Bunduki zilizokuwa zikilindwa na jeshi ziliingia mikononi mwa raia, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa vita vya risasi, ukavuka hadi kwa jirani zetu Waturkana na Wapokoti wa Kenya. Desemba 2001 Serikali ya Uganda ilianza kuwataka wananchi wa Karamoja wasalimishe silaha kwa hiari, na kazi ile iliendelea kwa miaka mingi, kwa gharama ya fedha na ya damu.

Simfananishi mwindaji wa kwale na mwizi wa ng'ombe. Nasema hivi: usalama wa bunduki yoyote hautokani na wema wa mwenyewe, bali unatokana na mlinzi aliyepo saa hiyo. Ghala la jeshi liliachwa bila mlinzi, nalo likatoboka. Itakuwaje kwa kabati la chumbani, mwenye nyumba akiwa amesafiri kwenda Masaka au Bukoba kwa siku tatu? Mtu anaweza kutoka na bunduki moja mkononi. Zile mbili zilizobaki nyumbani zinalindwa na nani? Bunduki usiyoitumia ni bunduki usiyoitazama, na mwizi huitambua kabla yako.

Ndiyo maana mataifa ya ukanda huu yalitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama zikataze raia kumiliki silaha za kufyatua mfululizo, na ziandikishe silaha zote halali za raia katika daftari kuu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wetu, Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inadai cheti kwa kila silaha. Cheti cha bunduki ya kwanza hakiifuniki ya pili.

Labda mtauliza wenzetu ulimwenguni wamefikia idadi gani. Nchini Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2000, mwindaji wa mara mojamoja hapewi leseni zaidi ya 4, na kwa kila leseni haruhusiwi kuweka fataki zaidi ya 200. Jimbo la Western Australia limeweka kikomo cha bunduki 5 kwa mwindaji wa kujifurahisha. Uingereza haikuweka idadi kwa shotigani za kawaida, lakini kila moja huandikwa kwenye cheti, na mwenye cheti hupimwa upya kila baada ya miaka 5. Idadi zinatofautiana, lakini dai ni lilelile: mwenye bunduki awe na uwezo wa kuieleza kila moja anayomiliki.

Nami nawapeni maswali manne. Mwindaji ajiulize kabla ya kuja ofisini kwetu kuomba cheti cha nyongeza.

Swali la kwanza: bunduki hii itafanya kazi gani ambayo ile niliyo nayo haiwezi kuifanya kwa kubadilisha fataki?

La pili: itakaa wapi, imefungwa kwa nini, na ufunguo uko kwa nani? Kumbukeni kwamba fataki nazo zinafaa kufungiwa mahali pake, mbali na bunduki.

La tatu: ile ya kwanza nimeitumia mara ngapi mwaka huu, na mara ya mwisho niliisafisha lini? Katika unyevunyevu wa huku kwetu karibu na ziwa, mtutu usiopakwa mafuta hushika kutu upesi, na mtutu wenye kutu ni hatari kwa anayeubeba.

La nne: nikifa usiku wa leo, mke wangu au mwanangu anajua la kufanya? Bunduki hairithiwi kama mbuzi. Familia iipeleke kituo cha polisi mara moja, na mrithi anayeitaka aombe cheti kwa jina lake mwenyewe.

Asiyeweza kujibu maswali hayo kwa bunduki moja, hiyo moja tayari imemzidi. Anayeyajibu yote bila kusita atagundua, mara nyingi, kwamba hana haja ya nyingine. Maoni yangu, nayo ni ushauri wala si kifungu cha sheria, ni kwamba mwindaji wa kujifurahisha katika maeneo yetu atosheke na shotigani moja iliyotunzwa vizuri. Ya pili iwe na sababu inayotajika kwa sentensi moja. Ya tatu, kwa kawaida, ni ya kuonyesha wageni.

Kwenu ninyi mnaoishi mpakani nina maneno mawili zaidi. Najua kwamba hapa mstari wa mpaka hupita katikati ya koo. Shamba liko huku, shemeji yuko kule, na tumbili pamoja na nguruwe mwitu wanaokula mahindi hawaulizwi hati ya kusafiria. Shemeji akija kuomba bunduki kwa usiku mmoja tu, ni vigumu kumnyima. Lakini cheti kilichotolewa Uganda hakimruhusu mtu kubeba silaha hiyo Tanzania, wala cha Tanzania hakimruhusu kuibeba Uganda. Ukimwazima asiye na cheti, mmekosea wote wawili, na bunduki ikipotea upande wa pili utaitafuta katika nchi ambamo haijaandikwa. Mwambie shemeji kwamba utakwenda naye kwa maafisa wa wanyamapori. Msaada wa namna hiyo ni bora kuliko bunduki.

La pili: cheti cha bunduki si kibali cha kuwinda. Nchini Uganda, uwindaji ni haki inayotolewa kwa kibali chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Tanzania inadai leseni ya uwindaji kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Mtu aweza kuwa na bunduki tatu halali na bado asiwe na ruhusa ya kumpiga kanga mmoja.

Mwenye bunduki isiyo na kazi, au asiyeweza tena kuilinda kwa uzee au kwa safari, aje atuone kabla haijamletea msiba. Tutamweleza taratibu za kuiuza kwa mtu mwenye cheti au kuikabidhi. Asiilete mkononi bila kutuarifu kwanza; atume ujumbe kwa mwenyekiti wake wa mtaa, nasi tutapanga namna ya kuipokea.

Ndugu zangu, tunaposisitiza idadi hatuwatilii shaka wawindaji. Kila bunduki iliyoandikwa katika daftari letu ni ahadi aliyotupa mwananchi mmoja kwamba majirani zake watalala salama. Aahidi kiasi anachoweza kukitimiza.