Mshauri wa Mtoto Wako Amesoma Hadi Wapi?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Leo tunazungumza juu ya washauri nasaha. Mshauri amesoma nini? Nani amempa kibali? Na baada ya kupata cheti chake, je, aliendelea kujifunza au aliacha hapo?

Pengine unajiuliza, "Hayo ya vyeti yananihusu nini mimi mama?" Yanakuhusu sana. Mtoto akipata jambo la kumvunja moyo, wewe ndiwe utakayemshika mkono na kumpeleka kwa mshauri. Ukikosea mlango, atakayeumia ni mtoto.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, nilikuwa nikihudumu katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Nilikuwa na cheti cha kozi ya wiki chache, ile ya kuwashauri watu wanaopimwa virusi vya Ukimwi. Kazi ya kupima niliijua vizuri. Siku moja mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka minane. Mtoto alikuwa ameona nyumba yao ikichomwa, na tangu siku hiyo hakusema neno.

Nilimketisha nikamwambia, "Nieleze yote uliyoona." Aliponyamaza nilimsukuma. Kesho yake nilimwita tena, nikamsukuma tena. Siku ya tatu mama yake alikuja peke yake. Aliniambia mtoto sasa anakojoa kitandani na anapiga mayowe usiku. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, tuache kwanza." Wawili hao hawakurudi katika hema langu.

Sikuwa na nia mbaya, lakini nilifanya kazi ambayo sikufundishwa. Leo ninajua, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, kwamba aliyepatwa na msiba mkubwa hashurutishwi kusimulia yaliyompata. Mtoto wa umri ule huhitaji kwanza usalama, mtu anayemwamini, na michezo. Maneno huja yenyewe. Hayo sikuyajua, na hapakuwa na mtu wa kunisimamia ambaye angeniambia, "Simama hapo, mpeleke kwa mwenzako."

Msikilizaji, hebu tuangalie njia ya mshauri, ili ujue yule uliye naye amefika wapi.

Hatua ya kwanza ni masomo. Kuna kozi fupi za wiki au miezi. Kuna stashahada, kisha shahada ya chuo kikuu, kisha shahada ya uzamili, na hatimaye ya uzamifu. Kozi fupi si mbaya, ila ina mpaka wake. Aliyefundishwa kumtayarisha mtu kupokea majibu ya kipimo hajafundishwa kumtibu mtoto aliyenajisiwa, wala kusuluhisha ndoa inayovunjika. Tena si kila chuo kina kibali. Hapa Kenya, vyuo vikuu hukaguliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya kiufundi hukaguliwa na mamlaka inayojulikana kama TVETA. Cheti kutoka chuo kisicho na kibali ni karatasi tu, hata kikitiwa fremu ya dhahabu.

Hatua ya pili ni usajili. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaofanya kazi hii. Kuna pia chama cha wenye taaluma yenyewe, kiitwacho KCPA, ambacho huwakubali wanachama kwa kuangalia masomo na ujuzi wao na huwawekea maadili ya kazi. Fikiria dereva wa matatu. Kujua kuendesha ni jambo moja, na kuwa na leseni ni jambo lingine. Wewe humkubalii dereva asiye na leseni ambebe mtoto wako.

Hatua ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui, nayo ni kusimamiwa. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mshauri husikiliza vilio vya watu kutwa nzima, na vilio hivyo humwingia. Kwa hiyo mshauri mwema, hata awe na shahada tatu, huwa na mshauri mwenziwe aliyebobea ambaye hukutana naye mara kwa mara. Huko hueleza kesi zake bila kutaja majina, husahihishwa, na huambiwa pale anapopita mpaka.

Jambo hili lina ushahidi wa hapa kwetu. Watafiti waliwafuata wanawake 421 katika mitaa ya Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Baadhi yao walipata mazungumzo matano, yakiongozwa na wahudumu wa afya wa kijiji ambao si wanasaikolojia. Wahudumu hao walipewa mafunzo mafupi ya njia moja maalum, tena walisimamiwa kwa karibu. Wanawake waliopata mazungumzo hayo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mtu wa mafunzo mafupi anaweza kusaidia, mradi afuate njia aliyofundishwa na awe na mtu wa kumsimamia.

Hatua ya nne ni kubobea. Mshauri aliyekwisha kufuzu anaweza kuongeza ujuzi wa kuwashauri watoto kwa michezo na michoro, au wafiwa, au waliopatwa na maafa, au wanandoa, au watumiaji wa pombe na dawa za kulevya. Vituo vya kuwatibu wenye uraibu navyo hukaguliwa na NACADA. Kama unampeleka kijana wako katika kituo kama hicho, ulizia kibali hicho kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Sasa tuje kwako, mama, au nyanya, au shangazi unayelea. Ukifika kwa mshauri, muulize maswali haya matano, na uulize kwa adabu.

La kwanza: "Umesomea wapi, na umefika kiwango gani?"

La pili: "Umesajiliwa? Naomba kuona leseni yako." Angalia jina lililoandikwa na tarehe ya mwisho wa leseni.

La tatu: "Umefundishwa kuwashughulikia watoto?" Au taja shida yenu ilivyo.

La nne: "Nani anakusimamia?" Si lazima akupe jina. Lakini akishangaa swali lenyewe, nawe shangaa.

La tano: "Ukiona shida hii inakushinda, utatupeleka wapi?" Mshauri mwema ana jibu: labda ni daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya kaunti, labda ni mwanasaikolojia fulani. Kumbuka pia kwamba mshauri nasaha hatoi dawa. Dawa ni kazi ya daktari.

Mshauri wa kweli hakasirishwi na maswali haya. Akiyakasirikia, chukua mkoba wako uende. Ondoka pia ukiona anakuahidi kwamba mtoto atapona kwa siku moja, anakutangazia habari za wateja wengine, au anamgusa mtoto kwa njia isiyofaa. Siri ni muhimu, lakini siri ina mpaka. Mtoto akiwa anadhulumiwa, mshauri hapaswi kunyamaza. Habari hiyo inafaa kufika kwa afisa wa watoto au polisi. Nambari ya simu ya kusaidia watoto ni 116, na kuipiga ni bure.

Najua baadhi yenu mnaonisikiliza ni washauri. Mko makanisani, misikitini, shuleni na katika zahanati, na mna vyeti vya miaka mingi iliyopita. Sisemi mvitupe. Mimi wangu ninao hadi leo. Baada ya kambi ile nilirudi darasani, nikaanza na stashahada, jioni na wikendi, huku nikiwa na watoto nyumbani. Mwalimu wangu wa kwanza alinisikiliza nikieleza habari ya yule mtoto, kisha akaniuliza, "Nani alikuwa akikusimamia?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sijakaa bila msimamizi.

Kama huna karo ya kurudi shule mwaka huu, anza na lile unaloweza. Tafuta msimamizi, hata mkae kikundi washauri wanne mkachangia malipo yake. Uliza Bodi na chama chako unahitaji nini ili usajiliwe. Na kesi inayokupita, ipeleke kwa mwenye ujuzi. Kumpeleka mtu kwingine si aibu. Laiti ningelijua hilo mwaka 2008.

Msikilizaji, tukumbuke mambo matatu. Cheti ni mwanzo, si mwisho. Leseni huulizwa, na kuuliza si utovu wa heshima. Na mshauri asiye na msimamizi yuko peke yake, na mtoto wako yuko peke yake pamoja naye.

Mwambie jirani yako uliyoyasikia. Hadi wakati mwingine, kwaheri, na uwabusu watoto.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtoto akipatwa na msiba mkubwa hapa kwetu, huwa tunampeleka kwa nani? Tunajua amesomea nini?

2. Ni swali gani kati ya yale matano linalotutia haya kuuliza? Kwa nini?

3. Afisa wa watoto aliye karibu nasi yuko wapi, na tunafikaje kwake?