Kizibo Kilicho Nyuma ya Giaboksi



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa magari. Nitasema juu ya kitu kimoja tu: vizibo vya maji vya injini.

Bloku ya injini husubiwa katika kalibu ya mchanga. Mchanga ukiisha kutolewa, hubaki matundu ubavuni na nyuma ya bloku, nayo huzibwa kwa visahani vya chuma chembamba. Ndani yake hupita maji ya kupoza injini. Wazungu huviita vizibo vya barafu, kwa kuwa katika nchi za baridi maji yakiganda huvimba, na pengine huvisukuma nje. Hapa Rubwera maji hayagandi. Adui yetu ni kutu. Tukijaza rejeta maji ya mtoni badala ya kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, kizibo huliwa kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Mwaka 1996, Rubwera ikiwa bado katika Wilaya ya Karagwe, nilishusha giaboksi ya pikapu yangu ili nibadili klachi. Nikaona kizibo cha nyuma kina michirizi ya kutu. Nilikikwaruza kwa bisibisi, hakikuvuja. Nikasema, "Kitangoja." Nikarudisha giaboksi.

Baada ya majuma matatu, usiku, nilimbeba mama jirani mwenye uchungu wa uzazi kumpeleka hospitali ya Nyakahanga. Mlimani kizibo kile kikatoboka. Maji yakaisha, gari likachemsha, injini ikakwama. Tulikaa gizani mpaka lori la kahawa lilipopita likamchukua. Mama na mtoto walisalimika, namshukuru Mungu. Lakini silinda hedi ilipinda, na mumewe hakunisemesha mpaka mtoto alipoanza kutembea. Sikumlaumu.

Tangu hapo nina sheria moja gerejini: giaboksi ikishuka, vizibo vya nyuma hubadilishwa, vivuje visivuje. Kizibo chenyewe ni bei ndogo. Gharama iko katika kulifikia tundu. Injini ikiisha kupoa, mwaga maji. Gonga ukingo wa kizibo kwa tindo mpaka kigeuke upande, ukivute kwa koleo, kisidumbukie ndani. Safisha tundu kwa msasa. Kipya kiwe cha kipimo kile kile, na cha shaba kikipatikana, maana hakishiki kutu. Kipigilie sawasawa kwa soketi inayoenea ndani yake. Jaza kulanti, ngoja, uhakikishe pakavu kabla ya kurudisha giaboksi.

Vijana, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona kwa macho yangu, na zana zilikuwa mkononi.