Kwa Baiskeli Hadi Durban
(Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe yetu ya Uhuru, La Rochelle, Johannesburg)



Tumepewa dakika kumi, na harufu ya pilau imekwisha kufika huku mbele, kwa hiyo hatutawachosha.

Mnakumbuka msiba wa mwaka jana. Ndugu yetu alikaa chumba cha maiti siku 19, sisi tukipitisha bakuli La Rochelle, Rosettenville na Turffontein, huku mama yake Tanga akipiga simu kila jioni kuuliza mwanawe anafika lini. Baada ya mazishi tulikubaliana kwamba mfuko wa msiba uwe na fedha kabla ya msiba. Ndipo wanne wetu tukajitolea kuendesha baiskeli kutoka hapa Johannesburg Road hadi Durban, karibu kilomita 600, na watu waahidi kutoa chochote kwa kila kilomita.

Wazee walitukataza. Walisema lafudhi zetu zitatuponza njiani. Hatukuwabishia, maana aliyekuwapo hapa Mei 2008 hahitaji kufundishwa woga. Siku ya kwanza tuliendesha kama wezi. Tukisikia watu nyuma, tunanyamaza.

Baiskeli haziruhusiwi N3, kwa hiyo tulifuata barabara ya zamani, R103. Heidelberg, Villiers, Warden: upepo wa mbele na mashamba, basi. Tulipokaribia mteremko wa Van Reenen tukapata pancha ya tatu. Tyubu za akiba zimekwisha, nasi tunagombana nani aliyesahau gundi nyumbani. Wakatufikia waendeshaji watatu. Tukanyamaza kama kawaida yetu. Mama mmoja akasimama, cheni yake ikachomoka, akasema, "Mungu wangu!"

Tukatazamana.

"Endeleeni kugombana," akasema kwa Kiswahili safi. "Miaka mingi sijasikia watu wakigombana kwa Kiswahili."

Mama huyu ni mwenyeji wa Soweto, lakini amekulia Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya wakimbizi wa ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Leo majengo yale ni ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Yeye na wenzake walikuwa wakichangisha fedha za shule ya chekechea mtaani kwao. Alitupa viraka na gundi, akatucheka, na tangu hapo tukawa saba.

Watoto, hapa msikilize. Karibu na Ladysmith tairi la pikapu yetu lilipasuka jioni. Aliyekwenda kugonga mlango wa watu na kutuombea msaada ni kijana wetu wa miaka 12, kwa Kizulu kilekile tunachomgombeza akikizungumza nyumbani. Tulilala hapo, tukala uji wao wa mahindi asubuhi. Tangu siku hiyo hatumgombezi tena, ila Kiswahili bado ni lazima.

Kabla ya Howick tulisimama mahali alipokamatwa Nelson Mandela tarehe 5 Agosti 1962, akitoka Durban kwenda Johannesburg. Kuna nguzo 50 za chuma. Ukisimama mahali pake, zinakuwa uso wake. Tulimwambia mama kwamba Januari ya mwaka huohuo Mandela alishukia Mbeya, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wetu, kisha akaonana na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam. Akajibu kwamba anajua, alifundishwa darasani Mazimbu. Halafu akauliza kwa nini sisi, watu wa nchi hiyo, tulinyamaza alipotukaribia pale Van Reenen. Hakuna aliyemjibu haraka. Mmoja wetu mwishowe akamweleza yote, ya 2008 na yaliyofuata. Alisikiliza, akasema, "Poleni, wanangu," na hakuongeza neno mpaka Pietermaritzburg.

Durban tulifika siku ya saba, tukiwa hatukaliki.

Kuhusu fedha, tuseme ukweli: zilizoahidiwa ni nyingi kuliko zilizolipwa. Mhazini ana daftari pale mlangoni, na majina yamo. Hatutayasoma leo kwa kuwa ni sikukuu.

Mama mwenyewe tumemwalika. Amekaa meza ya nyuma, karibu na dirisha, kavaa kitenge cha kijani. Watoto, nendeni mkamwamkie. Anasubiri shikamoo zenu, na ameomba asizungumzishwe Kiingereza.