Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari
Hotuba kuhusu uthamini wa mali, iliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Mkuyuni, Nyamagana



Mthamini anapofika nyumbani kwako hupima kuta, huhesabu vyumba na huorodhesha miti iliyopo uani. Hata hivyo, thamani haitoki katika kuta pekee. Hutoka pia katika kumbukumbu.

Kumbukumbu za umma zinatunzwa katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji na kwa Msajili wa Hati. Mwenye namba ya hati, au ya kiwanja na kitalu, anaweza kuomba upekuzi kwa kulipia ada, akajua mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki, na iwapo kuna rehani au zuio. Kwa maeneo yasiyopimwa, kama yalivyo mengi ya milimani kwetu, anzeni ofisi ya Serikali ya Mtaa.

Kumbukumbu za binafsi mnazo ninyi wenyewe: mikataba ya mauziano na ya wapangaji, stakabadhi, na hesabu za biashara. Kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi, zinatoa posho ya makazi kwa kuzidisha kodi ya soko ya mwezi kwa miezi 36. Faida ya biashara inayopotea nayo huzidishwa kwa miezi 36, lakini huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Mama aliyeuza dagaa miaka kumi bila daftari atamwonesha nini mthamini?

La mwisho ni zito zaidi. Kanuni hizo zinataka thamani ya soko ithibitishwe kwa mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana. Wapo wanaouza kiwanja kwa shilingi milioni 20, wakaandika milioni 8 ili kupunguza kodi. Mkataba huo hubaki katika kumbukumbu, na siku barabara itakapopita, ndio utakaotumika kupimia kiwanja cha jirani. Aliyeuza amekwisha kuhama; anayeumia ni aliyebaki.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni bei ya kweli, tunzeni nakala mbili mahali tofauti, na fanyeni upekuzi kabla ya kulipa, si baada ya mgogoro.